Laptopu nyembamba na nyepesi: unapata nini, unakosa nini, na ukague nini kabla hujatoa hela

Wakuu, salaam. Poleni na majukumu.

Humu haipiti wiki bila mtu kuuliza "nichukue laptopu gani nyepesi?", na majibu mengi yanaishia kutaja majina ya kampuni. Leo naomba tulichambue jambo lenyewe, maana kwa wengi wetu hela ya laptopu ni ya kudunduliza, na ikishatoka imetoka.

Mimi kazi yangu ni ramani za mipango ya matumizi ya ardhi ya vijiji. Muda mwingi niko safarini: kwenye basi, kwenye ofisi za watendaji wa vijiji, kwenye nyumba za wageni ambako umeme unakuja na kuondoka. Laptopu nyembamba nimezifanyia kazi, nimewachagulia wenzangu ofisini, na nimekaa pembeni ya mafundi zikifunguliwa. Nitajikita kwenye mbili zinazouzwa sana mtumba hapa kwetu, MacBook Air ya M1 (M1 ni chipu, yaani kichakataji, ya Apple wenyewe) na ThinkPad X1 Carbon ya Lenovo.

Msimamo wangu nauweka mapema. Wembamba peke yake usiulipie hela. Kinachostahili hela ni chipu inayokula umeme kidogo. Chipu ya hivyo ikikaa kwenye bati jembamba, unapata mashine ya kutembea nayo kutwa. Chipu yenye njaa ya umeme ikibanwa kwenye bati hilohilo, umenunua pasi.

Ushahidi upo wazi. Mwaka 2020 Apple walitoa MacBook Air mara mbili: Machi wakatoa ya Intel, Novemba wakatoa ya M1. Umbo ni lilelile, uzito kilo 1.29, kioo inchi 13.3, betri ya Wh 49.9 (wati-saa, kipimo cha umeme ambao betri inabeba) kwa zote mbili. Kwa hesabu za Apple wenyewe, ya Intel inakaa saa 11 ukiwa kwenye intaneti na ya M1 inakaa saa 15. Kwenye kuangalia filamu ni 12 kwa 18. Betri haikuongezwa hata kidogo, kilichobadilika ni chipu. Tena ile ya Intel ina feni na bado inachemka, kwa sababu feni yake haijaunganishwa moja kwa moja na bati la kupoza chipu. Ya M1 haina feni kabisa, na kwa kazi za kawaida unaipakata mapajani bila kuhisi joto.

Sasa hapa ndipo watu wanapopigwa. Kariakoo hizi mbili unazikuta kwenye kabati moja, rangi moja, na zote zinaitwa "Air 2020". Igeuze usome maandishi madogo ya chini: A2179 ni ya Intel, A2337 ni ya M1. Maandishi yakiwa yamefutika, angalia mstari wa juu wa kibodi. Ya M1 kwenye F4 ina alama ya kioo cha kukuzia, F5 ina maikrofoni, F6 ina mwezi mchanga. Ya Intel F5 na F6 ni za kuongeza na kupunguza mwanga wa kibodi. Kisha iwashe, fungua About This Mac: iandike Chip, Apple M1. Ukikuta neno Processor na Intel Core i3 au i5, hiyo ni nyingine, na bei yake iwe nyingine. Tofauti siyo betri tu. macOS 26 (mfumo endeshi wa Mac) iliyotoka 2025 inaingia kwenye M1, wakati Air ya Intel ya 2020 iliishia macOS 15.

Turudi kwenye umeme, maana kwa mazingira yetu hili nalipa uzito kuliko uzito wenyewe. Chaja ya M1 ni ya wati 30. Maana yake pawabenki nzuri ya USB-C yenye kutoa wati 30 inaichaji kabisa, tena huku unafanya kazi. Chaja ya gari yenye USB-C ya nguvu hiyo inaichaji mkiwa njiani. Kijijini penye sola ndogo na betri ya N70 na inveta ya kawaida, unachomeka bila mwenye nyumba kukutazama kwa wasiwasi. Laptopu ya kuchezea magemu ina chaja ya wati 180 au zaidi, na pale umeme ukikatika saa nne asubuhi, kufika saa sita umeshafunga virago.

Mtu wa mjini anaweza asielewe uzito wa jambo hili, kwa hiyo nieleze linavyokuwa. Mkutano mkuu wa kijiji umekaa chini ya mwembe. Wafugaji wanasema mstari wa eneo la malisho umepita mbele ya bwawa na ng'ombe hawatafika kwenye maji, wakulima wanasema ukisogezwa utakula mashamba ya bondeni. Unaweka laptopu kwenye meza ya shule, wazee wanasogea, unaivuta ile poligoni (umbo la eneo hilo) pale pale kwenye QGIS, programu ya ramani, wanaangalia, unasoma ekari zilizobadilika, wanabishana, unairudisha. Hakuna jenereta inayounguruma, kwa hiyo hata bibi aliyekaa nyuma anasikika. Mkutano unaweza kwenda hadi jioni, na mashine bado ina chaji ya kuandikia muhtasari. Kwangu mimi hiyo ndiyo faida namba moja, na ningeilipia tena.

Uzito tusiupotezee muda. Kilo 1.29 na chaja ya kuingia mfukoni, dhidi ya kilo mbili na zaidi za laptopu ya inchi 15.6 na tofali lake la chaja. Aliyewahi kusimama kwenye daladala ya Mbagala na begi mgongoni anajua.

Kutokuwa na feni kuna jambo jingine ambalo matangazo hayalisemi: vumbi. Ukifungua laptopu yenye feni iliyofanya kazi Dodoma au Singida, kati ya feni na mapezi ya shaba unakuta vumbi limesukwa na nyuzi za nguo hadi limekuwa kama blanketi jembamba. Fundi analivuta na kibano likiwa kipande kimoja. Hewa haipiti, chipu inajipunguza kasi, mwenye mali anadhani ana virusi. Ya M1 haivuti hewa, kwa hiyo ugonjwa huo haina.

SASA MAPUNGUFU YA HIYO M1, na hapa naomba msome taratibu.

La kwanza na kubwa: RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) na SSD (diski ya kuhifadhia) zimechomelewa kwenye bodi. Ukinunua ya 8GB utakufa nayo ikiwa 8GB. Hakuna fundi wa kukuongezea kiungwana, hakuna "nitaongeza mwakani hela ikipatikana". 8GB ya M1 inatosha kwa kuandika, mahesabu, barua pepe, mikutano ya mtandaoni na kivinjari chenye kurasa za kiasi. Ukifungua QGIS yenye picha za setilaiti, kivinjari chenye kurasa nyingi na mkutano wa video kwa pamoja, inaanza kutumia SSD kama RAM ya akiba, na unaisikia ikisuasua. Anayejua kazi zake zitakua atafute ya 16GB tangu siku ya kwanza, hata kama ni kusubiri miezi. Kuhifadhi kunasaidika kwa diski ya nje. RAM haisaidiki.

Hilohilo lina mkia mchungu zaidi. SSD ikiwa imechomelewa, bodi ikifa data zako zinakwenda nayo. Kwenye laptopu nene fundi anachomoa diski, anaichomeka kwenye kasha la USB, tasnifu yako unaipata jioni ileile. Kwenye hii, chai ikimwagika juu ya kibodi na bodi ikaungua, unaanza kutafuta wataalamu wa kufufua bodi, ambao ni wachache na wanastahili bei zao. Kwa hiyo diski ya nje ya kuhifadhia nakala ihesabu ndani ya bei ya laptopu. Kama hela haitoshi vyote viwili, basi hela ya laptopu hiyo bado haijatosha. Nasema hivi kwa ukali kwa sababu nimeona mwanafunzi wa uzamili akilia mbele ya meza ya fundi, na hakuna mtu pale aliyekuwa na neno la kumwambia.

La pili ni matundu. Yapo mawili tu ya USB-C, na yote yako upande wa kushoto. Projekta nyingi za kumbi zetu ni HDMI au VGA, vifaa vya upimaji vina USB ya zamani, kadi ya droni inataka kifaa chake cha kuisoma. Adapta inakuwa sehemu ya maisha, na adapta hafifu inachemka na kukata picha ya projekta katikati ya wasilisho. Nunua nzuri moja, ifunge na chaja kwa raba, isiachwe nyumbani. Tatizo hili lilizaliwa na aina hii ya mashine: Januari 2008 Steve Jobs alipochomoa MacBook Air ya kwanza kwenye bahasha ya karatasi pale San Francisco, nayo ilikuwa na tundu moja tu la USB.

La tatu ni kioo. Kifuniko ni chembamba, na nafasi kati ya kioo na kibodi ni ndogo mno. Kile kibandiko cha plastiki cha kuziba kamera, ambacho wengi tunapewa bure kwenye semina, kinatosha kupasua kioo ukifunga. Apple walitoa onyo rasmi juu ya hilo 2020. Punje ya mchanga inafanya kazi hiyohiyo. Kabla ya kufunga pitisha kiganja kwenye kibodi, na usiiweke begi moja na vitabu vizito ukasimama nayo kwenye basi lililojaa. Kioo cha mashine hii hakibadilishwi kwa bei ya kioo cha laptopu ya kawaida.

La nne, kazi nzito ya muda mrefu. Chipu bila feni inakimbia sana mwanzoni, kisha joto linakusanyika na inajipunguza kasi yenyewe. Kuunganisha picha mia kadhaa za droni kuwa ramani moja ni kazi ya masaa, na hapo MacBook Air inaanza kwa mbwembwe na kumalizia kwa kuchechemea, hasa Dar ya Januari. Kumbukeni Apple wanasema itumike kwenye joto la nyuzi 10 hadi 35. Chumba cha bati saa nane mchana kinavuka hapo bila shida. Kazi hiyo mimi naiachia kompyuta ya mezani ofisini.

Na la tano, Windows. Kwenye M1 huwezi kuweka Windows moja kwa moja kama tulivyofanya kwenye Mac za Intel. Nasisitiza kwa watu wa ramani: ArcGIS Pro, programu nyingine ya ramani, ni ya Windows tu. QGIS inafanya kazi vizuri. Kabla ya kununua andika majina ya programu zote zinazokulipa mshahara, uzihakiki moja moja.

Kuhusu X1 Carbon nitakuwa mfupi kidogo, ingawa mimi naiheshimu sana. Gen 6 (toleo lake la sita) ya 2018 inaanzia kilo 1.13, yaani ni nyepesi kuliko MacBook Air, na kioo chake ni inchi 14. Ina HDMI, ina USB za kawaida mbili, ina USB-C mbili, kibodi yake ni tamu na imetengenezwa kuvumilia kumwagikiwa kidogo. RAM imechomelewa pia, ila SSD inachomoka, na betri imefungwa kwa skrubu, fundi wa kawaida anaibadilisha. Inapozidiwa na M1 ni palepale kwenye umeme na joto. Ina feni, utaisikia, na betri yake ya Wh 57 haikupeleki mbali kama Wh 49.9 za M1.

NYONGEZA 1

Mkuu aliyeuliza tofauti ya X1 Carbon Gen 5 na Gen 6, maana kwa macho zinafanana: tofauti ni kubwa kuliko inavyoonekana. Gen 5 ina Intel ya kizazi cha 6 au cha 7, chipu ya koa (viini vya kuchakata) mbili. Gen 6 ina kizazi cha 8, koa nne. Microsoft waliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 rasmi inaanzia Intel kizazi cha 8. Kwa hiyo Gen 5 nyingi zinashushwa bei sasa hivi kwa sababu hiyo. Kuna mafundi wanaipachika Windows 11 kwa njia za panya, na muuzaji anakuonesha inawaka vizuri. Fungua Settings, System, About, usome jina la chipu: namba ikianza na 6 au 7, mfano i5-7300U, jua hiyo haitambuliwi. Ikianza na 8, mfano i5-8350U, uko salama.

NYONGEZA 2

Dada aliyesema anamnunulia mdogo wake anayeanza chuo mwaka wa kwanza, uhandisi wa ujenzi. Hapa nitapingana na waliokushauri MacBook Air kwenye maoni. Uhandisi atakutana na programu nyingi za Windows, anakaa hosteli penye umeme, na miaka minne ni mirefu kwa mashine isiyoongezeka. Mtafutie ThinkPad T480. Ni ya 2018 pia, nyingi zina Intel ya kizazi cha 8, inaanzia kilo 1.58, kwa hiyo siyo mzigo. Ina nafasi mbili za RAM, unaanza na 8GB leo unaongeza hela ikipatikana. Ina tundu la waya wa mtandao, na ina betri mbili, ya ndani na ya nje, ambapo ya nje unaichomoa na kupachika nyingine bila kuzima. Ikifa bodi, diski inachomoka na kazi zake zinabaki. Haina mvuto wa kuweka mezani mgahawani, ila mtoto atahitimu nayo.

Kama angekuwa anasoma sheria, uandishi wa habari au lugha, ningesema M1 bila kusita.

NYONGEZA 3

Swali la mdau mwenye ndugu Marekani, kama aagize M1 mpya au toleo la mbele. Mkuu, kama ni mpya, ruka M1. Oktoba 2024 Apple walipandisha RAM ya kuanzia kwenye MacBook Air kuwa 16GB, na Machi 2025 wakatoa ya M4 kwa dola 999, bei ileile M1 iliyoanza nayo 2020. Ya M4 inaendesha hadi vioo viwili vya nje huku kifuniko chake kikiwa wazi, wakati M1 rasmi ni kimoja. Kamera nayo imeboreshwa sana, kwani ile ya M1 ni 720p na kwenye mkutano unaonekana kama uko nyuma ya pazia. Ukiona M2 ya 256GB kwa bei nzuri, ujue SSD yake ya ukubwa huo inasoma na kuandika polepole kuliko ya M1, kwa sababu wametumia chipu moja ya kuhifadhia badala ya mbili. Kwa kazi za ofisi hutaona tofauti sana.

NYONGEZA 4

Naona wengi mnaniuliza PM (ujumbe wa faragha) ukaguzi wa mtumba. Naweka hapa ili ibaki kwa wote.

Kwa MacBook, hatari kubwa ni mashine iliyokuwa mali ya kampuni au shule huko ilikotoka na bado imefungwa kwa mbali. Inauzwa ikiwa imeshawashwa na kupambwa, huoni kitu. Mwambie muuzaji aifute kabisa mbele yako kwa Erase All Content and Settings, kisha uianzishe upya ukiwa umeiunganisha na intaneti ya simu yako. Ukurasa wa Remote Management wenye jina la taasisi ukitokea, au ikidai akaunti ya mtu mwingine, mrudishie kwa heshima uondoke. Muuzaji akikataa kufuta, jibu umeshalipata. Baada ya hapo angalia hali ya betri na idadi ya mizunguko kwenye System Information. Betri hiyo imeundwa ibaki na asilimia 80 baada ya mizunguko 1000, kwa hiyo mizunguko 300 isikutishe. Bonyeza pedi ya kipanya pembe zote nne. Pembe moja ikiwa ngumu au imeinuka, betri chini inaweza kuwa imevimba. Jaribu matundu yote mawili kwa chaja.

Kwa ThinkPad, iwashe ukibonyeza F1. Ikidai nywila ya msimamizi na muuzaji haijui, achana nayo, maana tiba rasmi ni kubadilisha bodi. Ikiingia vizuri, washa Windows, fungua dirisha la amri, andika powercfg /batteryreport. Itakutengenezea ukurasa. Tafuta mistari miwili, Design Capacity na Full Charge Capacity. Gen 6 ikiwa mpya ni kama 57,000 mWh. Ukikuta ya pili ni 34,000, hiyo betri imebaki asilimia 60 na bei ishuke kwa kiasi cha betri mpya. Na kwa X1 Carbon za miaka hiyo, mkishanunua tu pakueni sasisho la Thunderbolt (teknolojia ya matundu yake ya USB-C) kutoka tovuti ya Lenovo. Walilitoa wenyewe baada ya kugundulika kuwa programu ya awali inaweza kuua matundu ya USB-C, na tundu likifa ndiyo chaja imekufa.

Mwenye ripoti ya betri asiyoielewa aipige picha aiweke hapa chini, afiche tu namba ya mashine. Nikipata mtandao nitaisoma, na wataalamu wengine humu najua hamtaniacha peke yangu.